Kibaba cha Ng'ambo ya Mto

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa mwayo? Nimekusikia. Ngano ya leo haitaki usingizi, inataka masikio. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni, msiache nafasi.

Zamani hizo, za kale na za kale, mtu akisema kilo haijulikani anasema nini. Akisema lita, watamwuliza kama anaumwa. Watu walipima kwa kibaba na kwa pishi. Kibaba ni kile kidogo, cha kupimia unga wa chakula cha siku. Pishi ni ile kubwa. Ukijaza kibaba mara nne, ukamimina, ukamimina, ukamimina, ukamimina, pishi imejaa. Kila mtoto alijua hivyo kabla hajajua kuhesabu mbuzi.

Basi palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Na katika kijiji hicho palikuwa na mama mmoja mzee, jina lake Bibi Mashavu. Jina alilipata utotoni, na uzeeni mashavu yenyewe yalikuwa yamekwisha, limebaki jina. Yeye ndiye aliyeshika pishi ya kijiji. Wakivuna mtama, anapima Bibi Mashavu. Ndugu wakigawana mpunga wa marehemu baba yao, anapima Bibi Mashavu. Akishapima, watu wanafunga magunia yao wanakwenda. Hakuna aliyewahi kusema, "Bibi, rudia."

Mwaka mmoja mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Bonde likawa ziwa. Maji yalipotulia mashambani, ikaja homa. Leo kaanguka huyu, kesho kaanguka yule. Mtu anatetemeka, meno kwa meno, ka-ka-ka-ka! Anafunikwa mikeka mitatu, bado anatetemeka. Kisha anawaka moto. Kisha anaanza kuzungumza na watu ambao hawamo chumbani.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kingine, na huko waliijua dawa ya homa ile. Walikuwa wakwe. Binti mmoja wa ng'ambo, Mwanamvua, alikuwa ameolewa bondeni na kijana aitwaye Singano. Na mjomba wake Mwanamvua, Mzee Kibwana, ndiye mganga wa dawa hiyo, dawa ya magome yaliyotwangwa yakawa unga.

Mzee Kibwana akasikia habari za bondeni. Akajaza unga kwenye kibuyu kikubwa, akaziba mdomo kwa nta, akashuka mpaka mtoni. Lo! Mto ulikuwa hauvukiki. Guuu! Guuu! Guuu! Miti mizima inapita na mizizi yake. Watu wa bondeni wamesimama huku, yeye amesimama kule, na katikati yao ni hayo maji.

Akakitupa kibuyu mtoni, juu kwenye mkondo. Kikaelea, kikazama, kikaibuka. Vijana wakakivuta kwa upondo pale kwenye kona. Kisha mzee akaweka viganja mdomoni akapiga kelele:

"Kibaba kimojaaa! Cha ungaaa! Pishi mojaaa! Ya majiii! Chemsheniii! Mgonjwa anywe kata mojaaa!"

"Tumesikiaaa!" wakajibu.

Mzee Kibwana akapunga mkono, akageuka, akaenda zake. Naye kwake alikuwa na wagonjwa. Na mvua ikaanza tena.

Guuu! Guuu! Guuu!

Asubuhi ile ile, uwanjani kwa Jumbe, mkubwa wa kijiji, wakawasha moto. Jumbe Mhina alisimama hapo na macho mekundu, maana mjukuu wake alikuwa ndani, anawaka. Wakamwita Bibi Mashavu apime. Nani mwingine? Akajaza kibaba kimoja cha unga wa magome, akakijaza kama alivyojaza vibaba maisha yake yote, mpaka juu kikatoa kilele. Akatia chunguni. Akapima pishi moja ya maji. Akatia. Wakachemsha.

Dawa ikawa nyeusi. Nyeusi kama masizi.

Wagonjwa walikuwa wamelazwa barazani. Singano alikuwamo, hajitambui, anaita ng'ombe waliokufa zamani. Mkewe Mwanamvua amekaa kichwani kwake anamfuta kwa kitambaa, hana macho ya kutazama kingine. Kando yake alikuwapo kaka yake Singano, jina lake Mgaza, mtu wa miraba minne. Homa ilikuwa imemshika jana tu, bado anaweza kukaa na kushika kata.

Walipoileta dawa kwa Singano kwanza, Mgaza akanyoosha mkono.

"Nipeni mimi," akasema. "Mdogo wangu hawezi kusema ndiyo wala hapana. Asinywe kitu ambacho sijakionja."

Mama yao, Bi Zamoyoni, akasema, "Mwanangu, kunywa basi upesi, na mwenzio anywe."

Mgaza akanywa. Kwanza akakunja uso. "Chungu!" akasema. "Huu si uchungu wa kawaida." Watu wakacheka kidogo, dawa gani isiyo chungu? Akamaliza kata yote.

Wakangoja.

Baada ya kitambo Mgaza akashika masikio. "Nani anapiga ngoma?"

"Hakuna ngoma, mwanangu."

"Zinyamazisheni hizo ngoma! Ngii! Zinalia ngii, ngii, ngii! Mama, mbona giza?"

Na jua lilikuwa limetoka. Akainuka, akapepesuka, akaanguka chini puu! kama gogo. Akatapika. Akatapika tena. Kisha akanyamaza, macho yamegeuka, mdomo umekauka, pumzi nyembamba kama uzi.

Bi Zamoyoni akapiga ukelele, kijiji chote kikaja mbio.

Basi mtu akishaumia, watu hutafuta wa kumlaumu. Hawakumtazama Bibi Mashavu. Bibi Mashavu amepima miaka yote, nani atamshuku? Macho yakazunguka, yakazunguka, yakatua barazani, kichwani kwa Singano, kwa yule mwanamke wa ng'ambo.

"Mjomba wake katuletea sumu!"

"Na yeye alijua!"

"Mbona hakuinywa yeye?"

Bi Zamoyoni alikuwa amekumbatia kichwa cha mwanawe wa kwanza. Akainua uso, akamtazama mkwewe. Sauti iliyomtoka, sitaki mtu yeyote aisikie kwa mama yake.

"Nilikupokea nyumbani kwangu," akasema. "Nilikupa mwana. Leo mnataka wote wawili?"

"Mama, wallahi sijui kitu," akasema Mwanamvua. "Mama, nitazame."

"Usiniite mama."

Vijana wakamshika. Wakamfunga mikono kwa ukambaa. Mmoja akasema, "Arudi kwao." Mwingine akasema, "Arudi kwa njia ile ile kilikopita kibuyu." Na wote wakageuza shingo wakatazama mto.

Guuu! Guuu! Guuu!

Jumbe Mhina hakusema wafanye. Wala hakusema waache. Alikuwa anasikia mjukuu wake analia ndani. Wakaanza kumvuta. Wamefika mlangoni pa ua.

"Ngojeni."

Ni Bibi Mashavu. Alikuwa bado amekaa pale pale penye chungu, na kibaba chake kitupu mapajani. Hakupaza sauti, lakini walisimama.

"Mnampeleka wapi?"

"Unajua tunakompeleka, Bibi."

"Dawa ile nani aliipima?"

Wakatazamana.

"Nawauliza. Nani aliyetia unga? Nani aliyetia maji?"

Jumbe akasema, "Bibi, hakuna anayekulaumu wewe."

"Najua. Ndiyo maana nauliza." Akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Mkono uliotia dawa chunguni ni huu wangu. Kama kuna wa kufungwa kwa ajili ya Mgaza, mnaanza na mimi. Leteni ukambaa."

Hakuna aliyesogea. Sasa fikirini, wanangu. Angenyamaza tu. Angekaa pale penye chungu, watu wangekwenda, wangerudi, na jina lake lingebaki safi vile vile. Hata mimi sijui kama ningesimama.

Akamwendea Mwanamvua.

"Mjukuu wangu, nitazame mimi. Kwenu umewahi kuumwa homa hii?"

"Mara nyingi, Bibi. Sote tumeumwa."

"Ukanywa dawa ya mjomba wako?"

"Nimeinywa tangu mdogo."

"Masikio yakapiga ngoma?"

Mwanamvua akafikiri. "Yanalia kidogo tu. Kama mbu amepita."

"Dawa yenyewe ina rangi gani ukishaichemsha?"

"Kama asali, Bibi. Ukiitia kwenye kata unaona chini ya kata."

Bibi Mashavu akageuka kutazama chungu. Ile nyeusi. Ungetia kidole usikione.

"Mfungueni," akasema.

"Bibi!" akasema Jumbe. "Huyu ataka kuokoa shingo yake, atasema lolote. Hata mimi ningesema asali."

"Kweli. Basi tusimwamini. Mfungueni, na nileteeni mtama."

Wakamfungua. Wakaleta ungo wa mtama, wakauweka chini katikati ya uwanja. Watu wakafanya duara. Bibi akakiweka kibaba chake kando ya ungo.

"Kwenu," akamwuliza, "msichana akitaka kupima kibaba cha unga na chombo hakipo, anafanyaje?"

"Anapima kwa konzi, Bibi. Kwa mkono."

"Konzi ngapi?"

"Tatu."

"Nitilie humu kibaba kimoja cha kwenu."

Mwanamvua akapiga magoti. Mikono ilikuwa na alama za ukambaa. Akachota mtama.

Konzi moja, tia.

Konzi mbili, tia.

Konzi tatu, tia.

Akapitisha kidole juu yake, akausawazisha, akaacha. Watu wakainama kutazama. Mtama umefika nusu ya kibaba. Nusu! Duara likaguna, mmm!

"Sasa endelea," akasema Bibi, "mpaka kijae kama tunavyojaza sisi."

Konzi nne, tia. Konzi tano, tia. Konzi sita, tia. Kibaba kimejaa mpaka ukingoni.

"Bado," akasema Bibi. "Sisi hatuishii hapo."

Konzi saba. Kikatoa kilele. Akijaribu ya nane, mtama unamwagika.

"Mbona ulipopima cha kwenu ulipitisha kidole?"

"Kwetu ni mfuto, Bibi. Hatuachi kilele. Anayeacha kilele anaambiwa hajui kupima."

"Na sisi asiyeacha kilele anaambiwa mchoyo," akasema Bibi Mashavu polepole. "Tatu na saba. Jumbe, umeona? Mzee yule alisema konzi tatu. Mimi nikatia saba."

Lakini Jumbe alitikisa kichwa. "Nimeona mkono wake ukitia tatu leo, Bibi, leo ambapo maisha yake yamo humo ndani. Nani ananiambia kwao ni tatu? Nani mwingine aliwahi kuuona mkono huu ukipima kabla ya balaa hili?"

Na hilo lilikuwa swali la haki. Bibi Mashavu akazungusha macho katika duara. Huyu akatazama chini. Yule akatazama chini. Singano, mumewe, angejua labda, lakini Singano anaita ng'ombe.

Palikuwa na mtu mmoja anayejua.

Bi Zamoyoni alikuwa bado amekaa chini na kichwa cha Mgaza mapajani. Alikuwa ameuona ule mtama. Alikuwa ameiona ile nusu. Na jambo moja lilikuwa limemjia, na yeye hakutaka litoke. Kwa maana likitoka, atabaki na mwana aliyelala hivi bila mtu wa kumchukia.

Mwanamvua hakumtazama. Hakumwomba. Alikuwa amepiga magoti na mikono juu ya mapaja.

Guuu! Guuu!

"Alinipikia," akasema Bi Zamoyoni.

"Sema kwa nguvu," akasema Jumbe.

"Nasema alinipikia! Siku ya kwanza ya kushika jiko langu. Nilikuwa na wageni. Nikamwambia, mwanangu, tia vibaba vinne vya unga, nami nikatoka. Kumbe kibaba nilikuwa nimempa jirani, akachota kwa mkono. Wageni wangu wakala ugali, ukaisha hata hawajafikia kitoweo nusu. Nikaona aibu mpaka nikatamani ardhi. Nikamwambia, umetia ngapi? Akasema, Mama, nimetia vinne kama ulivyosema. Nikamwita mwongo. Nikamwita mchoyo, mbele ya wageni. Akalia." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Kesho yake nikamshika mkono, nikamwonyesha kibaba chetu. Tangu hapo hakukosea. Lakini siku ile... siku ile alichota tatu, tatu. Niliporudi nilimkuta kwenye kibaba cha mwisho, nikaziona zote tatu. Alipitisha kidole, vile vile alivyofanya sasa hivi."

Hata wale vijana waliokuwa na ukambaa, waliuficha nyuma.

"Na pishi?" akauliza Jumbe. Sauti yake imebadilika. "Pengine na pishi yao ni nyingine."

Bibi Mashavu alikuwa ameshafika hapo. "Mjukuu wangu, pishi kwenu ni vibaba vingapi?"

"Vinane, Bibi."

"Kwetu vinne. Vinane vya nusu, vinne vizima." Akapanga vidole vyake vya kizee, akavikunja kimoja kimoja, watu wanavitazama. "Pishi ni ile ile. Maji tulitia sawa. Kilichotofautiana ni kibaba. Jina moja, chombo mbali."

"Na kata?"

"Kata ni kifuu cha nazi, Baba Jumbe," akasema Mwanamvua kwa sauti ndogo. "Nazi ni zile zile."

Ingekuwa siku nyingine, wangecheka.

Ndani ya nyumba, mjukuu wa Jumbe akanyamaza kulia. Lo, kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko kulia! Jumbe akaingia mbio. Akatoka. "Bado anapumua," akasema. "Lakini fanyeni haraka. Fanyeni lolote."

Bibi Mashavu akamwaga ile nyeusi, akasafisha chungu, akatia pishi moja ya maji mapya. Akakileta kibuyu cha unga. Kisha akakishika kibaba chake, akakitazama, akakiweka chini. Akamwelekea Mwanamvua.

"Tia wewe."

Duara likavuma kama nyuki. "Yeye? Atie yeye?"

"Mkono wake ndio kibaba," akasema Bibi Mashavu. "Hatuna kingine upande huu wa mto."

Konzi moja, tia.

Konzi mbili, tia.

Konzi tatu. Mwanamvua akaisawazisha kwa kidole gumba, kwa uangalifu, chembe zikaanguka kibuyuni. Akatia.

Wakachemsha. Moto ukalia, pu-pu-pu. Bibi akachota kata, akaipeleka kwenye mwanga. Ya asali. Na chini ya kata, ule mstari mweusi wa kifuu, unaonekana.

Haya. Dawa ipo. Anaanza nani?

Watu wote wakatazama barazani. Aliyezidiwa kuliko wote ni Singano. Hata ng'ombe alikuwa hawaiti tena. Na chini, nyayo chache kutoka hapo, amelala kaka yake, na pumzi ya uzi.

Jumbe akasema, "Bibi, unajua kuwa itamponya?"

"Sijui."

"Unajua kuwa haitamwua?"

"Sijui, Jumbe. Kipimo nakijua sasa. Dawa siijui, haikutoka kwetu. Siwezi kukudanganya." Akamgeukia Bi Zamoyoni, akajishusha mpaka wakawa uso kwa uso. "Zamoyoni. Huyu ni mwanao. Mmoja nimekwisha mwangusha kwa mkono wangu. Wa pili sitamgusa mpaka wewe useme."

Bi Zamoyoni akamtazama Mgaza. Akamtazama Singano. Ninyi mnasikiliza tu, lakini yeye alikuwa pale. Akisema hapana, homa itamchukua. Akisema ndiyo, pengine dawa itamchukua, na ndiyo hiyo itakuwa imetoka kinywani mwake.

Akamwita mkwewe.

"Mwanamvua."

"Labeka."

"Wewe unampenda huyu?"

"Nampenda, Mama."

"Ungekuwa kwenu, ungempa?"

"Ningempa asubuhi, mapema, kabla ya yote haya."

Bi Zamoyoni akafumba macho. "Mpe."

Mwanamvua akamwinua mumewe kichwa, akamnywesha. Kidogo, akameza. Kidogo, akameza. Nyingine ikamwagika shavuni, akaifuta, akaendelea. Kata ikaisha. Akakipakata kichwa cha mumewe.

Wakangoja. Uwanja mzima hakuna aliyekaa. Jogoo akapita katikati ya duara, mtu akamfukuza kwa mguu bila kumtazama.

Wakangoja. Bibi Mashavu alikuwa ameshika kifundo cha mkono cha Singano, anasikiliza kwa vidole. Du, du, du, du. Mbio. Bado mbio.

"Masikio," akasema Singano.

Watu wakaruka! Bi Zamoyoni akaziba mdomo.

"Masikio yamefanya nini, mwanangu?" akauliza Bibi Mashavu.

"Mbu," akasema Singano. "Kuna mbu. Mfukuzeni."

Mbu! Mwanamvua akaangua kilio na kicheko pamoja. "Mbu, Bibi! Ndiyo hiyo! Ndiyo yenyewe!"

Kabla jua halijainama, jasho likamtoka Singano, likalowanisha mkeka. Du... du... du. Akafungua macho, akamwona mkewe, akaomba maji. Nao wakamwona anamtambua.

Hapo Jumbe Mhina alikuwa ameshambeba mjukuu wake nje kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akapewa nusu kata. Na wengine wote wakapewa, mmoja baada ya mmoja, chungu baada ya chungu, na kila chungu kilitiwa na mkono ule ule. Siwadanganyi kwamba walipona wote. Palikuwa na wazee wawili ambao homa ilikuwa imewamaliza, wakazikwa. Lakini wengi waliamka.

Na Mgaza? Bibi Mashavu hakutoka kichwani kwake. "Aliyezidishiwa, apunguziwe," akasema. Akamdondoshea maji ya dafu mdomoni, tone kwa tone, na uji mwembamba, mpaka kesho, mpaka kesho kutwa. Hakula, hakuoga. Bi Zamoyoni akamwambia, "Bibi, kalale, nitakaa mimi." Akasema, "Nitalala akiamka."

Akaamka. Akakaa, akatazama watu wote waliomzunguka wanavyofurahi na kupiga vigelegele. Akasema, "Mbona mnafungua midomo na hamsemi?"

Masikio yalikuwa yamekwenda. Lile la kulia lilirudi kidogo, ukimpigia kelele. La kushoto halikurudi kabisa.

Mvua zikaisha, mto ukashuka, Mzee Kibwana akavuka na maji ya magoti. Akasimuliwa yote. Akakaa chini palepale ukingoni, akashika kichwa. "Nimeua mtu," akasema. "Nilipiga kelele kama mwehu, sikufikiri kibaba ni cha nani."

Bibi Mashavu akamshika bega. "Hukumwua mtu, Kibwana. Na ulichokisema ni kweli, na sisi tulichokisikia ni kweli. Lakini tulikujibu 'tumesikia' haraka mno. Mimi ndiye niliyeshika kibaba, ilinipasa nikuulize."

Bi Zamoyoni alimwomba mkwewe radhi mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo alipomwambia asimwite mama. Mwanamvua akampa radhi, lakini hawakukumbatiana siku hiyo. Ilichukua muda. Mikono yake ilikaa na alama mpaka mavuno.

Na Bibi Mashavu akaendelea kushika pishi mpaka uzee ulipomchukua. Tofauti ni moja. Tangu siku ile, kabla ya kupima alikuwa anauliza: "Kibaba cha wapi? Mfuto au kilele?" Na kama mtu ni mgeni, anamwambia achote yeye kwanza, aone. Wapo waliochoka na maswali yake. Wanasema, "Bibi, mtama tu huu!" Yeye anauliza vile vile. Alipokufa, aliyeshika pishi baada yake aliuliza, na aliyefuata akauliza, na ndiyo sababu jina lake bado linatajwa na mimi ninawatajia.

Mgaza aliishi sana, akaoa, akapata watoto. Siku moja kwenye harusi, watu walikuwa wamekaa kando yake, nao wakaanza kumsikitikia kwa sauti kubwa, wakidhani hasikii. "Masikini, angekuwa mzima huyu! Na yule mwanamke wa ng'ambo anatembea tu, mzima." Kumbe wamekaa upande wa sikio la kulia.

Mgaza akaweka chini sahani yake ya pilau. Akawageukia.

"Mimi niliyeinywa nyingi nimenyamaza," akasema. "Ninyi mliokunywa kidogo mkapona, mna maneno gani?"

Akaichukua sahani yake, akaendelea kula.

Basi, wanangu, neno nililotaka muondoke nalo ni hili. Mtu wa mbali akikupa kipimo chake, usikijaze kwa kibaba chako. Mwulize kwanza. Na ukiona mtu ameumia na wote wanamtazama mgeni, hebu utazame kwanza mkono wako mwenyewe ulipima nini.

Mimi nimemaliza yangu, sina hata konzi iliyobaki. Aliyesikia amesikia, na wewe wa mwayo, nenda ukalale.